Kuchoka Si Utakatifu



Ukimkuta frateri njiani kati ya bwalo na maktaba ukamwuliza habari za leo, atakujibu, "Tunapambana." Ukienda parokiani utapata jibu hilohilo. Mwenyekiti wa jumuiya anapambana, mama wa WAWATA anapambana, na paroko mwenye vigango kumi na viwili na pikipiki moja ndiyo usiseme. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ninachokiona ni kwamba mara nyingi tunalitoa kwa fahari kidogo, kana kwamba mtu aliyechoka amekwisha kuthibitisha kuwa anampenda Mungu, na yule aliyeketi chini ya mwembe na kitabu mkononi bado ana la kujieleza.

Mimi nilikuwa bingwa wa kupambana. Kwaresima iliyopita nilikuwa mwalimu wa kwaya, msaidizi wa maktaba na kiongozi wa zamu ya zizi la ng'ombe. Jumapili nilikwenda utume kigangoni, kilomita nane kwa baiskeli, na mezani kulikuwa na insha ya Aristotle inayonisubiri. Hakuna aliyenilazimisha. Majukumu mengine nilipewa nikayapokea kwa furaha, mengine niliyaomba mwenyewe.

Baada ya Pasaka tulipewa siku chache za kwenda nyumbani. Nilikwenda na kompyuta kwa sababu kulikuwa na nota za kuandika kwa ajili ya Misa ya upadrisho. Siku ya kwanza mama alikuwa ameketi kwenye kigoda anapepeta maharage, akaniambia kwamba mzee katekista, yule aliyenifundisha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, amelala wiki ya pili na ameniulizia. Nikajibu, "Ndiyo, mama." Macho yangu yalikuwa kwenye wimbo wa matoleo, sauti ya tatu. Kesho yake akarudia. Nikajibu tena, "Ndiyo, mama, nitakwenda." Nyumba ya mzee iko mashamba mawili kutoka kwetu. Jumatatu nilipanda basi kurudi seminari bila kwenda. Alhamisi padre mlezi aliniita ofisini kwake akanipa taarifa ya msiba.

Ningependa kusema sikuwa na muda. Muda nilikuwa nao, siku tano nzima. Kilichokuwa kimeniishia ni kitu kingine, na jina lake nilikuja kulijua kutoka kwenye kitabu nilichokuwa nakisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Kitabu chenyewe ni chembamba. Kiliandikwa na Josef Pieper, mwanafalsafa Mkatoliki wa Ujerumani, kutokana na mihadhara aliyoitoa Bonn mwaka 1947, na kikachapwa mwaka 1948 kwa jina la Muße und Kult. Mada yake ni nafasi ya kutulia na uhusiano wake na ibada. Fikiria mwaka huo na nchi hiyo. Miji imelala chini kwa mabomu, watu wanaokota matofali kwenye vifusi, chakula cha shida, halafu anasimama profesa anawaambia wasikilizaji wazungumze juu ya kutulia. Pieper alijua jambo hilo litawakera watu, na ukurasa wa kwanza anaanza na pingamizi hilo: hii si kazi ya sasa, sasa ni wakati wa kujenga. Jibu lake ni kwamba anayejenga nyumba lazima ajue nyumba hiyo ni ya kuishi namna gani.

Kisha anakwenda kwenye maneno ya Kigiriki, na hapo sisi wasemaji wa Kiswahili tunachekeshwa kidogo. Neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani wakati wa ukoloni, kutoka Schule. Wenzetu wa Zanzibar wanasema "skuli," kutoka Kiingereza. Yote mawili yanarudi kwenye Kilatini schola, na Kilatini kililitoa kwa Wagiriki, ambao waliposema skholē walimaanisha nafasi ya mtu kutulia, asiyesukumwa na shughuli. Wagiriki hawakuwa hata na neno la pekee kwa shughuli za kila siku. Waliziita askholia, yaani kukosa nafasi hiyo. Kwao kutulia ndiko kulikopewa jina, na kuhangaika kukapewa jina la upungufu. Aristotle anasema tunahangaika ili tupate kutulia, kama vile watu wanavyopigana vita ili wapate amani. Mwanzoni mwa Metafizikia anaongeza kwamba elimu ya hisabati ilianzia Misri kwa kuwa huko makuhani waliachiwa nafasi. Shuleni kwetu kengele ya kwanza inalia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na sina hakika kama Mgiriki angelitambua neno lake.

Lakini kilichonisimamisha katika kitabu kile si Wagiriki. Ni ukurasa ambapo Pieper anaeleza uvivu.

Katika vichwa saba vya dhambi tulivyokariri tukiwa watoto, uvivu unakuja mwisho, na sote tulimjua mvivu ni nani: ni yule asiyetaka kuchota maji. Neno la kale lililosimama mahali hapo ni akedia, na historia yake inaanzia jangwani. Evagrius, mmonaki aliyefariki mwaka 399 huko Misri, aliandika juu ya mawazo mabaya yanayowashambulia wakaa pweke, na la akedia alilihesabu kuwa zito kuliko yote. Analiita pepo wa adhuhuri, jina linalotoka kwenye Zaburi ya 91, ile tunayoisali Jumapili usiku kabla ya kulala. Anasema humvamia mmonaki saa nne na kuizingira roho yake hadi saa nane. Msomaji wa Kizungu inambidi atafute maelezo chini ya ukurasa ili ajue hizo ni saa ngapi. Sisi hatuhitaji. Watu wa kale walihesabu saa za mchana kuanzia kuchomoza kwa jua kama tunavyohesabu sisi, na ndiyo maana sala ya saa tatu, ya saa sita na ya saa tisa zinaingia katika Kiswahili bila kubadilishwa kitu. Saa nne hadi saa nane ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kila mwanafunzi aliyewahi kuwa na kipindi cha mantiki saa saba anamfahamu pepo huyo kwa sura.

Evagrius anamweleza kwa makini. Jua linaonekana limesimama. Mmonaki anachungulia dirishani, anatoka nje kuangalia kama saa tisa, saa ya chakula, imekaribia. Anaanza kuichukia chumba yake, kuchukia kazi ya mikono, kuwaza kwamba ndugu zake hawampendi tena na kwamba pengine mahali pengine angempendeza Mungu kwa urahisi zaidi. Yohane Cassian, aliyeyapeleka mafundisho haya Ulaya Magharibi katika karne ya tano, anaongeza jambo ambalo sikulitegemea. Anasema akedia inakuja pia na mapendekezo mema. Inamwambia mmonaki aende akamsalimie ndugu fulani, akamtembelee mgonjwa wa mbali, akahudumie jamaa fulani asiye na msaada. Yote ni matendo ya huruma. Tatizo ni kwamba anayatafuta ili asikae pale alipo, mbele ya Mungu, akiwa hana kitu mkononi.

Hapo nilifunga kitabu kwa muda. Mimi kwa hakika sikukimbilia kwa mgonjwa, na laiti ningekimbilia. Lakini nilimwona mtu anayefanana nami: mtu asiyetulia, mwenye orodha ndefu ya mambo mazuri, na kila jambo jipya katika orodha linamwokoa kutoka kwenye lile lililo mbele yake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino analichukua somo hili katika Sehemu ya Pili ya Summa, swali la 35. Kwake akedia ni huzuni juu ya jema la kimungu. Mungu anamwita mtu kwenye urafiki naye, na mtu, badala ya kufurahi, anauona wito huo kuwa mzigo. Ndiyo maana Thomas anaiweka kinyume cha upendo na furaha yake. Kisha, katika kifungu cha tatu, anauliza inavunja amri ipi. Sote tungetafuta amri ya kazi. Thomas anasema inavunja amri ya Tatu, ya kuitakasa siku ya Bwana, kwa kuwa amri hiyo inaagiza roho itulie katika Mungu, na akedia ni roho kukataa kutulia huko.

Soma tena polepole, kama nilivyolazimika mimi. Uvivu, katika maana yake ya ndani kabisa, ni dhambi dhidi ya pumziko. Basi mtu anaweza kuwa mvivu wa namna hiyo huku akifanya kazi kuanzia alfajiri hadi taa zizimwe. Anaweza kuwa mvivu akiwa mwalimu wa kwaya, msaidizi wa maktaba na kiongozi wa zizi kwa wakati mmoja. Thomas anataja na watoto wa akedia, akimfuata Gregori Mkuu, na mmoja wao ni kutangatanga kwa akili, ambako ndani yake mna maneno mengi, udadisi wa hovyo na mwili usioweza kukaa mahali pamoja. Hakuwahi kuona simu janja. Lakini mtu akisoma orodha hiyo halafu akaangalia kidole gumba chake mwenyewe usiku wa likizo, ataona Thomas alikuwa anazungumza na nani.

Tangu hapo nimekuwa nikijichunguza kwa njia moja rahisi, nayo ni kuangalia nafanya nini na kitabu, wimbo au filamu. Vitu hivi vitatu havina faida ya haraka, kwa hiyo vinaonyesha upesi kama mtu bado anaweza kupokea.

Nianze na filamu, kwa kuwa ndipo aibu yangu iko wazi zaidi. Jumamosi moja kamati ya burudani ilituonyesha Die große Stille ya Philip Gröning, ya mwaka 2005, juu ya wamonaki Wakartusi wa Grande Chartreuse katika milima ya Ufaransa. Gröning aliwaomba ruhusa mwaka 1984. Walimjibu kwamba bado mapema, na walipomwandikia kuwa sasa wako tayari ilikuwa imepita miaka kama kumi na sita. Akaenda peke yake, bila kikosi cha kupiga picha na bila taa za ziada, akaishi nao miezi kama sita. Filamu ina zaidi ya saa mbili na nusu na karibu haina maneno. Hakuna msimulizi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, ambako jamaa mwenye kipaza sauti anakutafsiria, anakutania na kukutahadharisha adui yuko nyuma ya mlango, tulipata taabu. Nililala dakika ya ishirini. Nilipoamka theluji ilikuwa bado inaanguka na mmonaki alikuwa bado anasali, nikahesabu ni nyimbo ngapi ningekuwa nimemaliza kuziandika.

Nilipoiangalia mara ya pili, likizo ya Juni, nilifika mbali zaidi, nikaona sehemu ambayo ukumbi mzima ulicheka na mimi nikiwa usingizini. Wakartusi hawa, watu wakimya kupita kiasi, wakati wa matembezi yao ambapo wanaruhusiwa kuzungumza, wanateleza kwenye theluji kama watoto wanaoteleza kwenye kichuguu, wanaanguka, wanachekana. Wazee wenye kanzu nyeupe! Nikamkumbuka tena Thomas, ambaye anauliza kama kuna fadhila katika kucheza, na kujibu kwamba ipo. Anarudia hadithi ya Cassian kuhusu Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumkuta anacheza na wafuasi wake. Yohane akamwomba mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, akapiga mingi, kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema upinde ungevunjika. Yohane akasema na roho ya mtu ni vivyo hivyo.

Huo ni upande mmoja wa jambo. Upande wa pili aliuonyesha Charlie Chaplin mwaka 1936 katika Modern Times. Mfanyakazi anakaza nati kwenye mkanda wa kiwanda, na hata akiondoka kwenye mkanda mikono yake inaendelea kukaza hewa. Mabwana wa kiwanda wanajaribu mashine ya kumlisha ili mapumziko ya chakula cha mchana yafutwe. Anajificha chooni avute sigara, na sura ya bosi inatokea ukutani kumfokea arudi kazini. Tulicheka sana, na siku iliyofuata kwenye mazoezi ya kwaya niliona mkono wangu unapiga mapigo huku kichwa changu kikiwa kwenye ratiba ya zizi.

Kwaya, basi. Kwa Pasaka nilikuwa nimepanga nyimbo mpya kumi na moja. Tulikuwa tunazibeba kama magunia, solfa baada ya solfa, sauti ya nne ikilala, ya kwanza ikipanda juu ya funguo. Jumatano ya Juma Kuu umeme ukakatika katikati ya mazoezi. Hakuna aliyeweza kusoma nota. Frateri mmoja kutoka kusini akaanza wimbo wa zamani wa Bikira Maria, ule ambao bibi zetu wanaujua, wengine wakaingia kila mmoja kwa sauti yake, na tukaimba beti zote gizani. Nilisikia kwaya yangu kwa mara ya kwanza tangu Majivu. Umeme uliporudi, nasikitika kusema, niliwaambia tuendelee na ukurasa wa nne.

Baadaye nilisoma juu ya Missa Luba, Misa iliyoimbwa Kamina, Katanga, mwaka 1958, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na kwaya ya wavulana na walimu wao. Maneno ni ya Kilatini, mwili wa muziki ni wa Kongo, na sehemu kubwa haikuwa na nota zilizoandikwa. Waimbaji waliijenga kwa kubuni juu ya namna za nyimbo walizokulia. Mtu hawezi kubuni hivyo akiwa anakimbizana na orodha. Anahitaji kuwa amekaa ndani ya wimbo muda mrefu bila kutaka kuumaliza.

Juu ya vitabu nitasema kidogo tu, maana katika seminari tunasoma sana na huenda hatusomi. Nimesoma kurasa nyingi mwaka huu kwa kalamu ya rangi mkononi, nikiwinda mstari wa kuweka kwenye insha. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na vitabu vyake vingi vilitoka katika maisha hayo ya forodha na ofisi. Huwa namfikiria ninapotaka kulalamika kwamba ratiba hainiachii nafasi.

Sasa niyaweke yote haya mbele ya mama, kwa sababu alinipinga, na pingamizi lake ni zito kuliko la wenzangu darasani. Likizo ya Juni nilimweleza ninachojifunza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ni vizuri, frateri. Na ng'ombe watakamuliwa na nani?"

Swali hilo linamgonga Aristotle mahali penyewe. Nafasi ya kutulia ya wanafalsafa wa Athene ilibebwa na watumwa, naye mwenyewe aliutetea utumwa. Kama kutulia ni kwa ajili ya wachache wenye watu wa kuwakamulia, basi mama ana haki ya kucheka, na seminari inayokula mahindi ya waamini ina haki ndogo zaidi ya kulisifu.

Pieper anahamia kwenye ibada, na nadhani hapo ndipo njia iko, ingawa mimi ningependa kwenda kwa Musa moja kwa moja. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, Sabato inaamriwa kwa baba wa nyumba, mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni, na sababu inayotolewa ni kwamba ninyi wenyewe mlikuwa watumwa Misri. Taifa la watu waliofyatua matofali kwa kipigo linapewa kama sheria kile ambacho Athene ilikiweka kwa waungwana. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinataja kwa makusudi mtoto wa mjakazi na mgeni, ili nao wapate kuvuta pumzi. Kitenzi cha Kiebrania pale kina shina moja na neno nefesh, nafsi au pumzi, na katika sura ya 31 kitenzi hichohicho kinatumika kwa Mungu mwenyewe siku ya saba. Kiswahili kinalifuata jambo hili kwa karibu kuliko lugha nyingi, kwani kupumzika kwetu ni kupata pumzi.

Ndiyo maana Papa Leo wa XIII, alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891 kuhusu wafanyakazi wa viwanda na migodi, alidai pumziko la Jumapili kama haki, na saa za kazi zisizozidi nguvu za mtu. Aliyesoma Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979 juu ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar hadi mgomo wao wa 1948, anajua uchovu wa namna hiyo haufanani na wangu. Kuna watu wanaochoshwa na watu wengine. Kumwambia mtu wa namna hiyo habari za akedia ni ukatili. Kuna pia mwili uliochoka tu, unaotaka kulala, na Thomas hana aibu juu ya hilo. Kati ya dawa za huzuni anaorodhesha usingizi na kuoga.

Basi nilimwangalia mama kwa siku hizo za Juni, nikiwa na swali lake kichwani. Anaamka kabla yangu. Anakamua, anachota, analima, anapika, na Ijumaa ana jumuiya. Ukihesabu saa, ananizidi. Lakini Jumapili baada ya Misa anatandika mkeka chini ya mti na jirani yake, mmoja anamsuka mwenzake, wanazungumza au wananyamaza, mpaka saa kumi. Hakuna kinachoweza kumwondoa pale isipokuwa mvua. Na katika wiki zile mbili alizolala mzee katekista, mama alikuwa amekwenda kumwona mara tatu. Ndiye aliyesikia kwamba mzee ananiulizia. Mimi, mtaalamu wa Aristotle, nilikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo na sikusikia.

Niliporudi seminari nilimwendea padre mlezi, nikamweleza, tukakubaliana niachie maktaba. Kwaya ina nyimbo mpya tatu kwa muhula huu, na baadhi ya wenzangu wananung'unika kwamba tumelegea. Insha nimeichelewesha kwa wiki moja na nimekatwa alama. Sijui kama nimepona. Juzi tu nilijikuta nasali masifu ya jioni huku napanga kikao.

Kabla ya likizo kwisha nilikwenda kwa mzee. Mke wake alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, akanisogezea kigoda na gunzi la kwanza. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya pole na ya kuomba radhi, nikayasema vibaya. Akasema mzee alikuwa anapenda kuuliza kama bado naimba kwa pua. Hatukuzungumza mengi baada ya hapo. Tulipukuchua, na mimi nikakaa hadi kuku walipoanza kupanda mtini.